Kompyuta kuukuu za ofisi baada ya kikomo cha Windows 10

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta nyingi katika ofisi za nchi jirani, na za kwetu pia, zinafanya kazi bila mlinzi. Siku hiyo kampuni ya Microsoft ya Marekani iliacha kutoa viraka vya kawaida vya usalama kwa mfumo endeshi wa Windows 10, mfumo uliozinduliwa Julai 2015 na ambao kwa miaka kumi ulikuwa ndio sura ya kompyuta kwa makarani, wahasibu, walimu na wauguzi wengi wa Afrika Mashariki. Kompyuta hazikuzima. Asubuhi ya tarehe 15 ziliwaka kama kawaida, barua zikachapwa na stakabadhi zikatolewa. Ndiyo maana ni rahisi ofisi kutoona kwamba kuna jambo lililotokea.

Kwa msikilizaji asiye fundi, mfumo endeshi ni programu kuu inayoamka kwanza kompyuta inapowashwa. Programu nyingine zote, iwe ya kuandikia barua, ya hesabu au ya kufungulia kurasa za intaneti, hufanya kazi chini ya amri yake. Ndiyo inayoamua nani aingie, faili lipi lifunguliwe na printa ipi iitikie. Kwa kuwa imeandikwa na binadamu, haikosi nyufa. Nyufa hizo hugunduliwa mwezi hadi mwezi, na Microsoft huziziba kwa viraka inavyovitoa kila Jumanne ya pili ya mwezi. Kufikia kikomo maana yake ni kwamba nyufa zitaendelea kugunduliwa, lakini mzibaji ameondoka.

Tena lipo jambo linaloongeza uzito. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, imejengwa juu ya msingi ule ule wa Windows 10, na sehemu kubwa ya misimbo yao ni moja. Kwa hiyo kiraka kinachotolewa leo kwa Windows 11 kinaweza kumwonyesha mhalifu mahali pa kutazama katika Windows 10. Hulinganisha kabla na baada, akaona kilichozibwa, kisha akaenda kuutafuta ufa huo huo katika mashine ambazo hazikupata kiraka.

Tuchukue mfano wa ofisi moja ya kuwaza, ya chama cha akiba na mikopo katika mji mdogo. Ina kompyuta sita: mbili za watunza fedha, moja ya mhasibu, moja ya katibu, moja ya meneja, na moja iliyokuja kama msaada ambayo hakuna anayejua umri wake. Katika kompyuta ya mhasibu mna daftari la wanachama. Mama muuza samaki ameweka akiba kidogo kidogo kwa miaka minane, na haki yake yote imelala katika mstari mmoja wa jedwali lile. Yeye hana haja ya kujua Windows ni nini. Lakini siku jedwali likifungwa na wahalifu wanaodai kikombozi, au likipotea katika haraka ya fundi aliyeitwa kubadilisha mfumo, ni yeye atakayesimama dirishani akiulizwa kama ana karatasi.

Hatari basi ni mbili. Ipo ya kukaa palipo, na ipo ya kuhama vibaya. Matangazo ya wauzaji huzungumzia ile ya kwanza tu, na kwa uzoefu wa ofisi ndogo, ya pili ndiyo inayofika mapema zaidi.

Kuhusu ile ya kwanza, dunia imekwisha kupewa mfano. Ijumaa tarehe 12 Mei 2017, programu ya uhalifu iliyoitwa WannaCry ilienea katika nchi zaidi ya 150 kwa muda wa siku chache, ikifunga mafaili na kudai dola 300 kwa kila kompyuta. Huko Uingereza, taasisi za hospitali zisizopungua 80 kati ya 236 za huduma ya afya ya umma ya England ziliathirika, na miadi ya wagonjwa inayokadiriwa kufika 19,000 ilivunjwa. Watu wengi walikimbilia kuulaumu mfumo mkongwe wa Windows XP. Uchunguzi ulionyesha jambo jingine: kompyuta nyingi zilizoambukizwa zilikuwa na Windows 7, ambayo wakati huo bado ilikuwa inapewa viraka, na kiraka cha kuzuia uovu ule kilikuwa kimetolewa tarehe 14 Machi mwaka huo huo, karibu miezi miwili kabla. Hakikuwekwa. Ofisi itakayonunua kompyuta sita mpya kisha ikazizuia zisijisasishe kwa kuogopa gharama ya bando la intaneti, itakuwa imetoa fedha nyingi ili irudi pale pale.

Sheria nazo zimebadilika tangu wakati huo. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Sheria hizo humtaka anayetunza taarifa za watu, awe hospitali, shule au chama cha akiba, azilinde kwa hatua za kiufundi zinazofaa. Itakuwa vigumu kwa meneja kujitetea kwamba hatua zilikuwa zinafaa, ilhali daftari la wanachama lilikuwa katika mfumo ambao mtengenezaji wake mwenyewe alikwisha kutangaza kuuacha.

Kizazi cha prosesa

Swali la kwanza ni kama kompyuta zilizopo zinaikubali Windows 11. Jibu halipatikani kwa kutazama mwaka wa kununuliwa, maana kompyuta nyingi za kanda yetu zilinunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika, ama Ulaya, ama zimepitia Dubai. Iliyonunuliwa mwaka 2021 huenda ilitengenezwa mwaka 2014. Wala jibu halimo katika jina la kifahari lililobandikwa kwenye kibandiko. Core i7 ya zamani hukataliwa, na Core i3 ya miaka ya karibuni hukubaliwa, jambo linalowashangaza watu waliolipa zaidi kwa ajili ya hiyo saba.

Masharti ya kumbukumbu na diski hayana taabu kubwa: GB 4 za kumbukumbu na GB 64 za diski. Kompyuta nyingi za muongo uliopita huyafikia, ingawa atakayeendesha Windows 11 kwa GB 4 ajiandae kunywa chai kila anapofungua faili. Yanayokwamisha ni mawili. La kwanza ni prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Kwa prosesa za Intel, Microsoft inakubali kizazi cha 8 na kuendelea, ambacho kilianza kuuzwa mwaka 2017, isipokuwa chache sana za kizazi cha 7. Kwa zile za AMD, kwa jumla ni Ryzen za mfululizo wa 2000 na kuendelea. La pili ni kijisanduku cha usalama kiitwacho TPM, toleo la 2.0, ambacho hutunza funguo za siri ndani ya mashine yenyewe.

Kizazi cha Intel husomwa katika namba inayofuata jina. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika msinfo32, kisha tazama mstari wa prosesa. Ikiandikwa Core i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6, basi ni kizazi cha 6 na haitakubaliwa. Ikiandikwa i5-8250U, ni kizazi cha 8 na ina nafasi. Namba ikiwa na tarakimu tano, kama i5-10210U, soma mbili za kwanza: ni kizazi cha 10. Elimu hii ndogo humfaa kuliko wote mtu anayesimama mbele ya meza ya muuza kompyuta zilizotumika. Kampuni ya utafiti ya Canalys ilikadiria mwishoni mwa mwaka 2023 kwamba kompyuta zipatazo milioni 240 duniani hazingeweza kuhamia Windows 11. Baadhi yake, zinapotupwa na ofisi za Ulaya, zitatafuta soko, na soko mojawapo ni letu. Zitakuja zimesafishwa, zinang'aa, kwa bei ya kuvutia. Muulize muuzaji namba ya prosesa kabla ya kuuliza bei.

Hapo hapo katika msinfo32 upo mstari mwingine wa kutazamwa, unaohusu BIOS. Ukisema UEFI, vema. Ukisema Legacy, maana yake kompyuta iliwekewa mfumo wake kwa njia ya kizamani, hata kama mashine yenyewe inaijua njia mpya. Kisha bonyeza tena Windows na R, uandike tpm.msc, dirisha litasema kama kijisanduku kipo, na ni toleo lipi. Hapa ndipo mashine nzuri huhukumiwa kimakosa. Baadhi ya kompyuta za kizazi cha 8 na cha 9 hukataliwa kwa sababu tu TPM imezimwa katika mipangilio inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka. Katika mashine za Intel hujificha kwa jina la PTT, na katika za AMD kwa jina la fTPM. Kuiwasha ni kazi ya dakika tano. Kugeuza diski kutoka njia ya kizamani kwenda UEFI ni kazi nzito kidogo, na Windows ina zana yake ya kufanya hivyo, iitwayo mbr2gpt, lakini mtu asiiguse kabla nakala ya akiba haijatoka na kufunguliwa katika kompyuta nyingine.

Kompyuta ikikubaliwa, na leseni yake ya Windows 10 ikiwa halali, kuhamia Windows 11 hakuna malipo. Neno hilo, halali, ndilo linalouma. Katika ofisi nyingi Windows iliwekwa na fundi kwa programu za kuvunjia leseni, na programu hizo mara nyingi huwa zimebeba uovu wake zenyewe. Ofisi ya namna hiyo haina haja ya kumwogopa mhalifu wa mbali, kwa kuwa huenda alikwisha kuingizwa na fundi siku ya kwanza. Ikiwa hakuna fedha za leseni, ni afadhali kuchukua mfumo wa bure ulio halali, ambao tutauzungumzia, kuliko kurudia wizi huo kwa Windows 11.

Mafundi wengine wataahidi kuweka Windows 11 kwa hila katika mashine isiyokubalika. Hila zipo, na mara nyingi hufaulu. Ila Microsoft imesema wazi kwamba mashine za namna hiyo hazina dhamana ya kupata masasisho, na tangu toleo la 24H2 la mwaka 2024, prosesa za zamani sana, zisizokuwa na amri fulani za kihesabu, haziwaki kabisa. Nyumbani, kwa kompyuta ya kutazamia filamu, mtu aamue mwenyewe. Kwa kompyuta yenye daftari la wanachama siishauri: lengo la kuhama ni kupata viraka kwa uhakika, na hila humwondolea mtu uhakika huo.

Kulipia muda

Kwa ofisi isiyoweza kuhama sasa, Microsoft inauza viraka vya nyongeza kwa Windows 10, toleo la 22H2. Kwa makampuni na taasisi bei ni dola 61 kwa kompyuta kwa mwaka wa kwanza, nayo huongezeka maradufu kila mwaka: dola 122 mwaka wa pili, dola 244 mwaka wa tatu, mpaka Oktoba 2028. Anayechelewa na kuingia mwaka wa pili hulipa na wa kwanza. Kwa chama chetu chenye kompyuta sita, mwaka wa kwanza ni dola 366, na miaka mitatu ni dola 2,562, yaani dola 427 kwa kila mashine. Fedha hizo hazinunui chochote kipya, zinanunua muda tu. Mwaka mmoja wa nyongeza kwa kompyuta moja, ile yenye programu ya hesabu isiyohamika, waweza kuwa uamuzi wa busara. Miaka mitatu kwa kompyuta zote sita ni hesabu mbaya.

Shule zimepewa nafuu kubwa, dola 1 kwa kompyuta kwa mwaka wa kwanza. Upo pia mpango wa watu binafsi wa mwaka mmoja, hadi Oktoba 2026, kwa dola 30 au bila malipo kwa anayekubali kuhifadhi mipangilio yake katika akaunti ya Microsoft. Lakini huo umekusudiwa kompyuta za nyumbani, si za kazi. Ikumbukwe pia kwamba Office 2016 na Office 2019 zilifikia kikomo siku ile ile ya Oktoba 14, kwa hiyo ofisi inayolipia viraka vya Windows huku ikifungua barua za wageni kwa Word ya mwaka 2016 bado ina dirisha wazi.

Mfumo wa bure na gharama yake

Kompyuta ya kizazi cha 4 au cha 6, ambayo Windows 11 imeikataa, bado ni mashine nzima. Linux ni familia ya mifumo endeshi inayotolewa bure na kwa halali, na matoleo yake kama Linux Mint na Ubuntu hufanya kazi vizuri katika mashine za umri huo. Linux Mint 22 na Ubuntu 24.04 zimeahidiwa masasisho hadi mwaka 2029. Fundi anaweza kuiweka Linux katika diski mweko, akawasha kompyuta kutoka humo bila kugusa chochote kilichomo ndani, na kwa nusu saa ofisi ikajua kama printa inaitika, kama intaneti inashika na kama sauti inatoka. Mifumo michache humruhusu mteja kuonja kabla ya kununua, achilia mbali kwamba hapa hanunui.

Gharama ya Linux iko katika mazoea na katika programu. Kama kazi yote ya kompyuta ya katibu ni barua, barua pepe na kurasa za intaneti, gharama ni ndogo. Kama mhasibu anatumia programu iliyoandikwa kwa ajili ya Windows, au jedwali la Excel lenye amri za kujiendesha zilizoandikwa na mtu aliyekwisha kustaafu, gharama inaweza kuwa kubwa kuliko bei ya kompyuta mpya. Chagua mafaili matatu mabaya kuliko yote ofisini, yale yenye majedwali yaliyosokotana na nembo zilizopachikwa, uyafungue katika LibreOffice. Yakifunguka sawasawa, mengine hayatakusumbua.

Majiji na majeshi yamekwisha kupita njia hii. Jiji la Munich, Ujerumani, liliamua mwaka 2003 kuacha Windows. Kazi ilichukua takriban miaka kumi na ikahusu kompyuta zipatazo 15,000. Mwaka 2017 baraza la jiji likapiga kura kurudi Windows. Sababu zinabishaniwa hadi leo, zikiwemo za kisiasa, lakini malalamiko ya watumiaji na ugumu wa kuishi na mifumo miwili kwa wakati mmoja yalikuwa miongoni mwake. Polisi wa kijeshi wa Ufaransa, Gendarmerie, walikwenda kinyume. Mwaka 2005 hawakugusa mfumo endeshi. Walibadilisha kwanza programu ya ofisi tu, wakaweka OpenOffice ndani ya Windows ile ile. Mwaka uliofuata wakabadilisha programu ya intaneti, wakaweka Firefox. Ilipofika mwaka 2008 na kuanza kuingiza Linux, askari walikuta programu zile zile walizokwisha kuzizoea, na ni mandhari tu yaliyogeuka. Leo zaidi ya kompyuta 70,000 za kikosi hicho zinatumia Linux. Ofisi ya kompyuta sita inaweza kuiga mpango huo kwa miezi mitatu: weka LibreOffice leo katika Windows iliyopo, acha watu walalamike na wazoee, kisha ndipo ubadilishe kilicho chini.

Kwa wasikilizaji wetu lipo jambo la lugha pia. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa mshiriki katika kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, wakati ambapo wengi walidhani kompyuta haiwezi kusema neno la Kiswahili. Windows nayo ina kifurushi cha lugha ya Kiswahili. Karani aliyesomea Kiswahili anayeletewa mfumo mpya, na kila onyo likimjia kwa Kiingereza, atabonyeza kitufe chochote ili onyo liondoke. Kabla ya kukabidhi mashine, fundi aulizwe kama ameweka Kiswahili, naye mtumiaji aulizwe anaitaka lugha ipi.

Siku ya kuhama

Nakala ya akiba kwanza, na isiwe moja. Nakala moja katika diski ya nje, nyingine nje ya jengo. Nayo haihesabiwi kuwa nakala mpaka mtu aichukue aifungue katika kompyuta nyingine, aone jina la mwanachama wa kwanza na wa mwisho katika daftari. Wengi hunakili kijalada cha nyaraka tu wakasahau kwamba programu ya hesabu huweka hazina yake mahali pengine kabisa ndani ya diski. Mwulize aliyeiuza programu hiyo mahali ilipo, na umwulize pia kama toleo lake linafanya kazi katika Windows 11. Windows 11 haina toleo la biti 32, kwa hiyo programu za kale za enzi ya DOS, ambazo baadhi ya ofisi bado zinazitegemea kutoa stakabadhi, zitakatika hapo.

Kisha tembelea kila printa na kila skana kwa jina lake. Printa za sindano zinazopiga stakabadhi za nakala tatu ni imara kuliko kompyuta zilizounganishwa nazo, ila programu ya kuzitambulisha huenda haijaandikwa upya kwa miaka mingi. Hamisha kompyuta moja tu, si ya mhasibu, wala si ya meneja. Itumike juma zima. Windows 11 ikiwekwa juu ya Windows 10, hutoa siku 10 za kurudi nyuma kwa kubonyeza, na baada ya hapo njia hiyo hufungwa. Kwa hiyo usihame tarehe 25 ya mwezi wakati mishahara inaandaliwa. Hame mwanzoni mwa mwezi, kazi zikiwa chache. Na kama umeme ni wa kukatika katika mtaa wenu, mashine iwe katika betri ya akiba, maana kukatika kwa umeme katikati ya kazi hiyo huacha kompyuta isiyokuwa ya zamani wala mpya.

Faili la kusakinishia Windows 11 linazidi GB 5. Lipakuliwe mara moja, usiku au mahali penye intaneti ya bei nafuu, liwekwe katika diski mweko ya GB 8 au zaidi, nalo litumike kwa mashine zote. Kuiacha kila kompyuta ijipakulie ni kulipa mara sita. Na ikiwa ndani ya kompyuta bado mna diski ya kizamani inayozunguka, badala yake iwekwe ya SSD kabla ya jambo lingine lolote. Mara nyingi mabadiliko hayo pekee huifanya mashine ya miaka minane ionekane changa kuliko mfumo wowote mpya utakavyoweza.

Sasa kuhusu akaunti, ambako ofisi huumia bila kujua. Windows 11 ikiwekwa upya kabisa hudai akaunti ya Microsoft. Fundi mwenye haraka hutumia yake, au huunda moja kwa namba yake ya simu. Katika matoleo ya karibuni mfumo unaowekwa hivyo mara nyingi huifunga diski yote kwa siri, na ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48 hupelekwa katika akaunti hiyo. Miezi sita baadaye ubao mama unabadilishwa, au mipangilio ya BIOS inaguswa, na kompyuta inaomba tarakimu 48. Fundi amehamia mji mwingine, namba yake haipatikani, na hata diski ikichomolewa ikapelekwa kwa mtaalamu gani, mafaili hayasomeki. Hapo hakuna mhalifu, hakuna kirusi, na daftari la wanachama limekwenda. Akaunti iwe ya ofisi, kwa anwani ya ofisi, na tarakimu hizo zichapwe katika karatasi na kufungiwa pamoja na vitabu vya hundi.

Zitabaki mashine ambazo hazifai kwa Windows 11 wala ofisi haizitaki kwa Linux. Isiyokuwa na intaneti kabisa, na isiyopokea diski mweko za watu, inaweza kuendelea kuendesha ile printa ya stakabadhi kwa miaka. Zilizokufa zina mahali: Rwanda ina kiwanda cha kuchakata taka za kielektroniki huko Bugesera, na Nairobi kipo kituo cha WEEE kinachopokea vifaa vya namna hiyo. Lakini kabla mashine haijatoka mlangoni, iwe inauzwa, inatolewa sadaka au inapelekwa kuchakatwa, diski yake ichomolewe. Kufuta mafaili hakuondoi kitu. Huondoa jina tu katika orodha, na maandishi hubaki yakisomeka kwa programu za bure. Diski inayozunguka iandikwe juu mwanzo hadi mwisho kwa programu ya kufutia. Ya SSD ifutwe kwa amri ya mtengenezaji wake. Na isiyowaka tena itobolewe kwa keekee mbele ya mashahidi wawili, nao watie sahihi.